Siku Samaki Walipokosa Bei

Araba Bentsiwa alianza kubeba beseni la samaki kichwani akiwa na miaka tisa, na leo, akiwa na sitini na tatu, shingo yake bado haijui kuinama. Mumewe alichukuliwa na bahari. Hakuolewa tena, alisema majiko manne ya kukaushia samaki yanamtosha kwa usumbufu. Wanawake wa pwani yao ya Wafante, huko Ghana, walipomfanya mkuu wao, walimkabidhi kazi moja: mtumbwi wa kwanza ukifika, yeye hupatana na nahodha, na bei hiyo ndiyo ya mitumbwi yote siku hiyo. Kabla hajaitamka, hakuna anayegusa hata samaki mmoja.

Serikali ilipotoa fedha za kujenga bandari ya wavuvi, watu walicheza ngoma wiki nzima, na Araba naye alicheza, asikudanganye mtu. Kisha mhandisi Nartey akaja Jumanne, siku bahari inapopumzika na wanaume wote wako nchi kavu, akatandaza ramani. Gati lilikuwepo. Kiwanda cha barafu kilikuwepo. Maegesho ya magari nayo yalikuwepo, tena makubwa.

"Majiko yetu yako wapi?" Araba akauliza.

"Yatahamia ng'ambo ya barabara kuu, mama. Maili mbili tu."

"Maili mbili tu! Wewe umewahi kubeba beseni, au umebeba hiyo karatasi tu?"

Wanawake wakaangua kicheko. Wanaume walitazama chini, gati walishalipata. Nartey akasema ramani imeshapitishwa, na uzinduzi ni Alhamisi.

Alhamisi wakubwa wa serikali wakaketi na Nartey chini ya turubai, kamera tayari, mitumbwi ikaingia imejaa pomoni. Wa kwanza ulikuwa wa Kwamena, mwanawe Araba.

"Mama, taja bei."

Araba alikuwa amekalia beseni lililopinduliwa, anakula kenke, donge la unga wa mahindi, na pilipili. "Leo samaki hawana bei."

"Mama! Huoni jua hili?"

"Naliona."

"Samaki wangu wanaoza!"

"Na Jumanne, ulipoiona ile ramani, ulisema nini?"

Nyuma ya mama yake wanawake mia mbili walikuwa wamekalia mabeseni yao. Araba aliumia, tena sana. Mafuta ya mtumbwi ule alijua yalivyopatikana kwa shida. Lakini heri hasara ya siku moja kuliko ya maisha.

Kufikia saa saba harufu ilikuwa imeingia chini ya turubai, na wageni wameziba pua kwa leso. Kwamena akapanda mwenyewe mpaka mezani kwao, magamba mpaka kiwikoni.

"Bwana mhandisi, kama majiko ya mama zetu hayapo, na sisi gati lako hatulitaki."

Wakubwa wakanong'onezana pale. Mwishowe Nartey akateremka na ramani, akachora vijumba kando ya ufuko, palepale majiko yalipo.

"Hiyo ni nini?" Araba akauliza.

"Penseli, mama."

"Gati ulilichora kwa penseli?"

Nartey akajipapasa mifuko. Mkubwa wake ndiye aliyetoa kalamu ya wino, na vijumba vilipokwisha kuchorwa upya, akatia sahihi pembeni huku pua ameibana.

Araba akanawa pilipili, akainuka, akaligeuza beseni lake likatazama juu. Akamtazama mwanawe machoni.

"Haya, nahodha. Samaki wako wamechacha. Tunapatana vipi?"