Vioo vya majirani vilivyoniunguzia picha za bi harusi Kivinje

Wakuu, hamjambo humu. Leo naanika kosa langu mwenyewe, bila chumvi, maana wapiga picha wa sasa mnafuta na kurudia, hamjui tulikotoka.

Miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa na bidhaa za Dubai ndiyo zimeanza kujaa madukani, nilikuwa na kamera na flashi ya kuchomeka juu pale Kilwa Kivinje. Nilijiona fundi hasa.

Siku moja Bi Mwajuma akaniita. Anamwoza Zuhura, mtoto wa kaka yake. Huyo kaka, Mzee Selemani, alikuwa amepooza huko kijijini Njinjo, na mkewe kabaki kumuuguza. Kuozesha kamwachia mdogo wake. Alichoomba ni picha tu, amwone binti yake akiwa bi harusi.

"Mwanangu, mimi hata usiponitoa sawa," Bi Mwajuma akaniambia. "Ya kaka yangu isiharibike."

"Ondoa shaka, mama."

Sasa kwetu harusi ikikaribia, majirani huazimana vitu vya kupambia chumba. Mwaka ule fasheni ilikuwa vioo. Kila mama mwenye kioo cha fremu ya dhahabu alikileta, na aliyeleta alitaka kionekane. Ukuta wa nyuma ya bi harusi ukawa vioo vitupu. Nilipochungulia nikasema moyoni, leo picha zitang'aa. Mjinga mimi!

Chumba cha wanawake mwanamume haingii hovyo. Bi Mwajuma akatangaza wajifunike, halafu: "Ingia, piga, toka. Usitukodolee macho."

Kwa haraka hiyo nikasimama katikati, uso kwa uso na bi harusi na vioo vyake. Paa! Paa! Paa!

Imebaki picha moja kwenye filamu, mama mmoja akang'aka: "Na changu je? Nimekibeba kichwani toka sokoni!" Kioo chake kilikuwa kimeegeshwa pembeni kabisa. Nikasogea upande wa pili ili kiingie, nikapiga, nikatoka. Kusema kweli nilitaka anyamaze tu.

Filamu niliituma Dar kwa basi, picha za rangi zilisafishwa huko. Mvua zikakata barabara. Bahasha ilipofika baada ya wiki kadhaa niliifungulia palepale stendi.

Wakuu, nilikaa chini.

Kila picha ina jua katikati. Flashi imegonga vioo ikarudi kwenye lenzi, uso wa Zuhura haupo. Na mwenyewe keshahamia kwa mumewe, huko Rondo.

Iliyopona ni ile ya pembeni. Nayo Zuhura kainamisha kichwa kama bi harusi anavyotakiwa, mtandio umemficha upande wangu.

Niliona aibu kumtuma mtu. Nikaipeleka Njinjo mwenyewe, tayari kutukanwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete."

Mkewe akamwinua. Nikaanza kuomba radhi kwamba uso hauonekani. Mzee hata hakunisikiliza. Aliitazama muda mrefu, kisha kidole cha mkono wake mzima kikagusa kile kioo cha pembeni.

"Huyu hapa," akasema.

Nikainama. Ndani ya kioo uso wote ulikuwepo, na chozi shavuni. Siku zote nilizokaa na picha ile sikuuona uso ule, nilikuwa natafuta makosa yangu tu.

"Ananililia mimi?" mzee akauliza.

Mkewe akajibu, "Sasa amlilie nani?" Akaichukua, naye akamtazama mwanawe.

Nilitoka nje kidogo.

Nilichojifunza: penye vioo, marumaru au makabati ya glasi, usisimame navyo uso kwa uso. Piga kwa pembe, au geuza flashi iangalie dari kama inageuka. La sivyo omba wavifunike, hata wakinuna.

Na kama umeharibu, peleka mwenyewe.

Haya wakuu, nani humu aliwahi kuharibu picha isiyorudiwa? Ulimwambiaje mwenyewe?