Magugu ya Jirani Yangu

Mwalimu wa kanisa letu pale Susuni alitugawia wanawake manyoya ya kuku. Kila Jumatano, darasa la Maandiko likiisha, uliuweka unyoya wako kwenye ukurasa mlioishia, na ilikuwa marufuku kuuvuka mpaka wiki ijayo. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa mama wa mtoto mmoja, nimebatizwa juzijuzi, nikihesabu Jumapili zilizobaki kabla ya kuipokea Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza.

Unyoya ule niliutii mwaka mzima. Nilikariri aya kuliko wenzangu wote, kichwa kikavimba, nikajiona nimekomaa kiroho. Jirani yangu, ambaye hakuwa Mkristo, alipoalika watu wampalilie ulezi, sikwenda. Kwetu anayealika watu shambani huwapikia pombe, na mwalimu alikataza Mkristo kukanyaga penye mtungi. Nilipita kando ya shamba lake nikiimba pambio, tena kwa sauti, ili asikie. Mwanamke huyo ndiye aliyenizalisha. Naona aibu mpaka leo.

Msimu uliofuata, mvua ya mchana ilinifungia ndani, nikauvuka unyoya. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nikamkuta Yesu akiwauliza wakubwa wa dini kama kuna mmoja wao atakayemwacha ng'ombe wake aliyetumbukia kisimani kwa sababu tu ni Sabato. Nilicheka peke yangu. Sisi Wakurya tunaishi kwa ng'ombe; muulize Mkurya yeyote swali hilo, atadhani unaumwa. Nikasoma tena, na safari hii sikucheka. Jirani yangu alikuwa amejifungua vibaya, hana nguvu hata ya kuinua jembe, na magugu yalikuwa yanaumeza ulezi wake. Na mimi nilikuwa naimba pambio.

Alipoalika watu tena msimu huo, nilifika na jembe langu. Wanaume walikuwa wameuzunguka mtungi, mirija mdomoni.

"Mtu wa misheni leo ana kiu!" akasema mzee mmoja, akaninyooshea mrija wake.

"Shikamoo, baba. Kiu ninayo, ila uji nimebeba wangu."

Walicheka sana. Nikainama, nikapalilia mpaka mgongo ukakataa.

Jumapili mwalimu aliniita pembeni kabla ya ibada. Ndiyo ilikuwa Jumapili yangu ya kupokea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mama, nasikia ulikuwa kwenye pombe."

"Nilikuwa kwenye magugu, mwalimu. Pombe ilikuwa pembeni."

"Utasimama mbele ya watu utubu. Bila hivyo, Meza hupati."

"Nitubu dhambi gani? Nionyeshe kwenye Kitabu, nitapiga magoti hapa hapa kwenye tope."

Alifungua Biblia yake, akafunua huku na huku, akaifunga. Nikamwambia nilichosoma.

"Nani alikuruhusu kusoma mbele?" akauliza.

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. Kama angenionyesha kosa langu ningetubu, nasema kweli. Lakini kutubu kwa sababu nimesoma? Nilimwambia sitasimama. Nikaingia, nikakaa benchi la nyuma na mwanangu mapajani, nikawatazama wenzangu wa darasa wakienda mbele mmoja mmoja. Nililia, sifichi. Meza ile niliitamani kuliko kitu chochote. Lakini sikuinuka, na nilipotoka niliondoka na Biblia yangu bila unyoya ndani yake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda tena kwa jirani yangu. Alikuwa ameketi mlangoni kwake, bado amepauka.

"Wanasema walikunyima chakula cha Mungu wenu," akasema.

"Walininyima."

"Kwa sababu yangu?"

"Ndiyo," nikamjibu, nikimfungua mtoto mgongoni. "Nishikie huyu. Upande wa chini bado una magugu."