Watu Hawahesabiwi

Mwezi wa Rajabu, mwaka 1960, nilifiwa na mwanangu wa pekee, mtoto wa kike aliyekuwa hajaanza kutambaa. Hitima ilipopita nilirudi shuleni Kengeja kufundisha darasa la kwanza, maana nyumbani palikuwa kimya na sikujua la kufanya na mikono yangu.

Mimi mwenyewe hesabu nilifundishwa kwa kuimba, nami niliwaimbisha watoto vivyo hivyo. Waliimba vizuri mpaka ishirini, lakini ukiwawekea ndizi tano mezani wanakwambia saba. Nikawa najiuliza, hizo namba wanazoziimba wanaziona wapi? Nikawaambia kila mmoja aje na komwe, zile mbegu za kuchezea bao, moja kwa kila mtu anayelala nyumbani kwao.

Kesho yake komwe zilijaa mezani. Msichana mmoja tu, aliyelelewa na bibi yake, hakuja. Siku iliyofuata bibi mwenyewe akapiga hodi, kanga kaifunga kiunoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu simleti tena. Watu wangu wataka kuwahesabu wa nini?"

"Ni somo tu, bibi."

"Somo! Watu hawahesabiwi. Nawe mwanangu, umefiwa juzi tu, leo wahesabu wa wenzio?"

Desturi ile naijua. Hata mama yangu akiulizwa ana watoto wangapi hujibu, "Alhamdulillahi, wapo." Nilipotoa kazi ile haikunijia kabisa. Maneno yake yaliniuma, lakini lilikuwapo jambo nililotaka kulijua kweli.

"Basi bibi, jioni ukipika, wajuaje kama kitatosha?"

"Nahesabu vikombe." Akanitazama kama niliyemuuliza jua latokea wapi. "Kikombe hakihusudiwi."

"Na akija mgeni?"

"Naongeza kikombe. Mgeni simhesabu!"

Watoto wakacheka. Nikamwomba amlete mjukuu wake siku moja tu, tutahesabu vikombe. Akaenda zake.

Asubuhi walikuja wote wawili na pakacha la vifuu vya nazi, maana vikombe vyake aliogopa tutavivunja. Bibi akakaa kizingitini. Mjukuu akapanga vifuu vinne juu ya mkeka, akatia vipande viwili vya muhogo katika kila kimoja. Nikamwambia wamekuja wageni wawili. Akaongeza vifuu viwili, akatia muhogo, akagusa kipande kimoja kimoja kwa kidole, midomo ikicheza.

"Kumi na viwili," akasema. Hakuimba.

"Na mwalimu wenu yeye hali?" bibi akauliza kutoka mlangoni.

Mtoto akaniwekea kifuu changu, akafikiri kidogo.

"Kumi na vinne."

Bibi akanyanyuka, akakung'uta kanga yake, akashika njia ya nyumbani. Mjukuu akabaki darasani.