Kurasa Arobaini Zilizobaki

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nesi katika zahanati ndogo kwenye njia ya kwenda Madimba, na nilikuwa mchoyo wa kitabu. Vitu vingine nilitoa bila kufikiri: sukari, khanga, hata godoro langu wagonjwa walipozidi. Lakini riwaya niliyoinunua Dar es Salaam nilipomaliza mafunzo sikumwazima mtu. Niliiweka kwenye droo, chini ya daftari la wajawazito, na wagonjwa wakipungua naitoa. Nilikuwa nimeshaisoma mara nne.

Ilikuwa hadithi ya mjane aliyekataa kurithiwa na shemeji yake. Ndugu wakamtenga, akaenda zake, akafungua mgahawa wa chai na maandazi. Miaka ikapita, siku moja shemeji yule yule akaletwa mlangoni kwake, mgonjwa, hana wa kumwuguza. Kila nilipofika pale mjane anaposikia hodi na kusita, nami nilikuwa nikisita, ingawa nilijua atakachofanya.

Siku moja alilazwa kwetu mwanamke wa rika langu, mimba ya kwanza, miguu imevimba. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Akaniona na kitabu.

"Dada, unasoma nini?"

"Kitabu cha kazi," nikamwambia, nikakirudisha kwenye droo.

Siku ya tatu alijifungua, na mtoto hakulia. Tulifanya tulichojua kufanya. Homa ikampanda, ikabidi abaki. Mama mkwe wake alileta uji, ukapoa, akaondoka nao. Asubuhi ya pili nilikuwa nambadilishia shuka, akaniambia bila kunitazama, "Nisomee basi hicho kitabu chako cha kazi."

Niliona aibu ikinipanda mpaka masikioni. Nikakitoa, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikaanza ukurasa wa kwanza. Nilimsomea siku mbili, kila nikimaliza kazi za asubuhi. Siku ya tatu akakichukua mkononi mwangu akaendelea mwenyewe.

Mwisho wa juma nilitoka kwenda kuchanja watoto kijiji cha jirani. Niliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Mumewe alikuwa amemfuata kwa baiskeli, na kitabu hakikuwepo. Nilikasirika. Nilitafuta hata chini ya godoro, ingawa nilijua kimekwenda wapi. Nikajiambia kwamba yule amepoteza mtoto, na mimi nalilia karatasi. Lakini niliendelea kulilia.

Karibu mwaka ukapita. Siku moja ya kliniki, foleni imefika mpaka nje, alikuja mzee mmoja ambaye sikuwahi kumwona. Alikuwa na chale za Kimakonde usoni, na vumbi la njia limemfika magotini. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na kitu kimefungwa ndani ya kipande cha khanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeambiwa nimpe nesi, mkononi."

Nikafungua. Kilikuwa kitabu changu. Jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia, kurasa zimeiva kwa vidole vya watu. Nikamwuliza kama anamfahamu yule mama aliyekichukua.

"Mama gani? Mie nimepewa na mwalimu wetu wa kisomo. Yeye alipewa na ntu wa Chuno, na huyo naye alipewa na mwingine. Kila ntu aliambiwa hivyo hivyo: kina mwenyewe, kirudi kabla ya korosho hazijaanza kuanguka. Sasa zimeanza."

"Umekipenda?"

Akatazama chini. "Sijamaliza. Zimebaki kurasa arobaini. Nasoma polepole, nesi. Kusoma nimejifunza ukubwani, huku kwenu. Hiki ndicho kitabu changu cha kwanza, ukiacha kile cha kisomo."

Alikuwa ametembea tangu alfajiri kuja kurudisha hadithi ambayo hakujua mwisho wake, kwa sababu siku yake ilikuwa imefika. Nikamwekea kitabu mkononi.

"Kaa pale kwenye benchi. Hutaondoka hujamaliza."

Akakaa, akaweka kidole chini ya mstari, midomo ikaanza kucheza. Mama mmoja aliyekuwa karibu naye, amempakata mwanawe mwenye kikohozi, akamsogelea.

"Baba, soma kwa sauti na sisi tusikie."

Mwanzoni aliona haya. Kisha akaanza, neno moja moja, na neno gumu analirudia mpaka linyooke. Waliomsikiliza hawakujua hadithi ilikotoka, kwa hiyo ikabidi awaeleze: huyu ni mjane, huyu shemeji, yale yaliyotokea ni haya. Waliopanga foleni wenyewe walisahau foleni. Nilikuwa nachoma sindano huku nasikiliza, na sufuria ya kuchemshia sindano ikakaukiwa maji jikoni.

Alipofika pale penye hodi, bibi mmoja akauliza, "Alifungua?"

"Ngoja, mama. Sijafika."

Alipofika, bibi akapiga kofi paja lake. "Mjinga huyo! Mimi ningemwacha nje."

Wengine wakambishia. Mzee aliwaacha wabishane, kisha akasema, kama anayezungumza na kitabu, "Sisi tulipovuka Ruvuma kukimbia vita, tulibisha milango mingi. Ipo iliyofunguliwa, ipo iliyofungwa. Watu wa milango ya aina zote mbili bado nazikumbuka sura zao."

Akaendelea mpaka neno la mwisho, akafunga kitabu, akakaa nacho kidogo mapajani. Ilikuwa saa nane. Nilimpa chai na muhogo, akala, akanishukuru mara mbili, akashika njia. Sikumwuliza hata kijiji chake.

Nilikuwa bado nimekishika kitabu pale yule mama mwenye mtoto aliponiambia, "Nesi, mimi sikukuta mwanzo. Niazime."

Nakiri nilisita. Kilikuwa kimerudi saa chache tu zilizopita. Sikumfahamu, na hakuwa na cha kunihakikishia. Nikampa pamoja na dawa ya kikohozi, na sikumtajia siku ya kurudisha.

Wiki mbili baadaye alimleta mtoto nimwangalie kifua. Kilikuwa safi. Nikamwuliza habari za kitabu.

"Kaka yangu amekwenda nacho Kilambo, kwenye kivuko. Watu wanangoja pale saa nyingi, hawana la kufanya."

"Wewe ulikimaliza?"

"Bado kidogo." Akamfunga mtoto mgongoni, akakaza khanga. "Lakini yeye ndiye aliyekuwa anasafiri."

Sikukiona tena. Nilipohamishwa kituo niliacha maagizo kwa nesi aliyechukua nafasi yangu: kikirudi, asikiweke kwenye droo.