Mama Mkwe Hanywi Maji

Kazi yangu ni kufundisha uuguzi, na somo ninalolifundisha kwa mbwembwe kuliko yote ni utunzaji wa wazee. Wanafunzi wananiogopa. Nina sauti kubwa na sina subira, na mwanafunzi akimgeuza mgonjwa kama anageuza gunia la viazi, nitamsema mpaka wodi nzima isikie. Kuna binti mmoja wa viti vya nyuma aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, sasa huyo mgonjwa akiwa mama mkwe wako, unamwogeshaje?" Darasa likaangua kicheko. Nilimtoa nje. Eti analeta mzaha kwenye kipindi changu! Waliobaki nikawaambia muuguzi hana mkwe, muuguzi ana mgonjwa, kisha nikaendelea kulifuta sanamu la plastiki la mazoezi kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo mwanaume haketi kwenye kitanda cha mama mkwe wake, hali naye sahani moja, na akikutana naye njiani anampisha. Tangu nimwoe binti yake, nilikuwa nikimsalimia yule mama macho yakiwa chini, "Shikamoo mama," naye anaitikia, "Marahaba baba," huku anajitanda kanga upya, halafu kila mtu anashika njia yake. Tulipendana sana kwa mtindo huo.

Msimu huu wa mvua aliteleza kwenye njia ya shambani kwake, Mgeta, akiwa na kapu la njegere kichwani. Akavunjika nyonga. Walimfanyia upasuaji hapa mjini, na aliporuhusiwa hapakuwa na mjadala, angekaa kwetu. Kule kwake huwezi kwenda hata chooni bila kupanda mlima. Nikamwandalia chumba kama kitabu kinavyosema: kitanda kifupi chini ya dirisha, taa karibu, mkeka nikauondoa usimtege. Nikamwita fundi akatoboa kiti cha mbao, nikaweka ndoo chini yake, ili mama asilazimike kuchuchumaa. Nilijiona bingwa. Lakini kumwogesha, kumbadilisha, kumkalisha kwenye kile kiti, hayo yote alifanya mke wangu. Mimi nilitoa maelekezo kutoka mlangoni, nimegeuza mgongo, kama mtangazaji wa redio.

Kisha mke wangu akalazimika kwenda Gairo. Anauza karanga, na wakulima walikuwa ndiyo kwanza wanavuna. Akaniuliza, "Utaweza?"

"Mimi? Mimi ninayefundisha watu?"

Alikwenda kwa jirani yetu, mjane mmoja anayekaanga vitumbua, wakaelewana kwamba atakuja asubuhi na jioni kumhudumia mama mambo ya ndani. Chakula na vinywaji ni juu yangu. Mke wangu akapanda basi stendi ya Msamvu, akaenda zake.

Nilikuwa likizo, kwa hiyo kutwa nilishinda pale nyumbani. Chai napika mwenyewe, ya maziwa, sukari ya kutosha. Nabisha hodi, naiweka kwenye kigoda kando ya kitanda, natoka. Baadaye nauliza kutoka koridoni, "Umekunywa, mama?"

"Nimekunywa, baba. Mungu akubariki."

Nikirudi nakuta kikombe kitupu, jagi la maji nalo limepungua. Kutwa nzima haniiti hata mara moja. Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nimekaa sebuleni roho mkononi, nikiomba asiniite, na kila saa iliyopita bila kuitwa niliiona kama zawadi.

Jioni ya siku ya pili jirani alipomaliza kazi yake alinifuata uani. "Baba, huyu mama haja ndogo anapata kidogo sana, tena imekolea kama chai ya rangi..."

Nikamkatisha. Nilisikia masikio yananiwaka moto. Mkojo wa mama mkwe wangu, mimi nasimuliwa uani! "Hayo ya ndani, mama, mmalizane wenyewe," nikamwambia. Akachukua ndoo yake akaondoka. Mwanafunzi wangu angepuuza taarifa kama ile ningemfukuza wodini siku hiyo hiyo.

Kesho yake binti wa yule jirani akashikwa uchungu. Alikuja mbio asubuhi, akamhudumia mama harakaharaka, akaniambia anamfuata mwanawe hospitali na hajui atarudi lini. "Jikaze, baba," akasema, akafunga mlango wake kwa kufuli.

Nikajikaza kwa kutofanya lolote. Nilipeleka chai, nikapeleka uji, nikapeleka maji. Nje, chini ya dirisha la mama, niliona sisimizi wamejipanga ukutani, wengi ajabu, nikaenda kuwamwagia majivu huku nawatukana. Sikujiuliza wanafuata nini.

Alasiri nikasikia kishindo. Kisha sauti ya mama, kali, ambayo sikuwahi kuisikia: "Wewe mwanaume! Lori linapiga honi kule juu na wewe umekaa tu! Hizi kabichi zikiozea hapa utakula wewe?"

Nilisimama mlangoni. Alikuwa chini, ameegemea kitanda, kanga imemvuka begani, gauni limelowa, chumba kinanuka mkojo mkali. Alikuwa ananitazama usoni, yeye ambaye hakuwahi kunitazama. Nikaelewa ananiona mimi ni mumewe, marehemu, aliyezikwa kabla sijamwoa binti yao.

Na unajua wazo langu la kwanza lilikuwa nini? Nilijiambia, uzee huu, akili imeanza kumruka. Mimi! Mimi ambaye kila muhula napiga meza kwamba mzee akibadilika ghafla usisingizie uzee, tafuta kilichomsibu: maji yamepungua mwilini, ana maambukizi, kuna dawa imemdhuru. Nilitaka iwe uzee kwa sababu uzee haudai nimguse.

Nikachukua kikombe, nikapiga magoti kando yake. Midomo ilikuwa imepasuka, ulimi mkavu kabisa. "Kunywa maji, mama."

Akafumba mdomo kama mtoto. Kisha akanisogelea, akanong'ona, vile mke anavyomwambia mumewe siri ya nyumba. "Sinywi mimi. Binti yetu kasafiri, na humu ndani kuna mkwe tu. Nikinywa nitabanwa. Nikibanwa nimwite nani? Chai yake namwaga dirishani asijisikie vibaya. Usimwambie."

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kikombe changu. Alikuwa anajikausha mpaka kufa ili kunisitiri mimi, na mimi nilikuwa sebuleni nashukuru kwamba haniiti.

Ungedhani hapo ndipo nilipokunja mikono ya shati. Thubutu! Nilimwekea mto mgongoni, nikatoka mbio mpaka getini kutafuta mwanamke. Mwanamke yeyote. Akapita mama mmoja na beseni la mahindi ya kuchoma, hata simfahamu. "Dada, samahani, naomba uingie ndani mara moja, kuna mama mzee yupo chini, amelowa, unisaidie kumvua..." Alinitazama juu mpaka chini, mwanaume jasho linamtoka, anamwita mwanamke asiyemjua aingie ndani. Akaongeza mwendo, akavuka upande wa pili wa barabara. Nikabaki nimeshika geti. Sikuwa na jeuri hata ya kumlaumu.

Nikampigia simu daktari ninayefanya naye kazi. Akanisikiliza, akasema mlete sasa hivi, unasubiri nini? Nilisubiri nini? Siwezi kumpeleka vile alivyo, amelowa, nguo zimemganda, watu wote wanamwangalia.

Basi nikarudi. Nikachemsha maji nikayapoza, nikatafuta gauni safi na kanga mbili. Nilipofika mlangoni nikabisha hodi, kwa mazoea, na hakuna aliyeitikia. Nilimpa maji kwa kijiko kwanza. Nilimwambia, "Mke wangu, kunywa, lori nitalisimamisha mimi." Akanywa. Sijui kama Mungu atanisamehe kwa kumwita vile, lakini alikunywa.

Nikamwinua kwa namna ninayowafundisha wanafunzi, mguu mbaya haukuguswa. Nikamfunika kanga, nikamfuta chini ya hiyo kanga sehemu baada ya sehemu. Mwanzoni nilifumba macho. Ndiyo, nilifumba, mtu mzima na cheti changu, napapasa kama mwizi. Nikayafumbua kwa sababu ilinibidi niangalie mshono wa nyonga. Mshono ulikuwa salama. Lakini nilipomgeuza ubavu nikaona chini ya mgongo, juu ya matako, doa jekundu la ukubwa wa kifuniko cha soda. Nikalibonyeza, halikubadilika rangi. Kidonda cha kulala muda mrefu bila kugeuzwa kilikuwa kinaanza.

Nilikaa chini nikalia. Sikulia kwa huruma, nililia kwa aibu. Yule jirani hakujua kwamba anatakiwa kumgeuza. Angejuaje? Mimi ndiye niliyejua, na sikumwambia, kwa sababu nilishindwa kutamka mbele ya mwanamke mwenzake maneno "mgongo wa mama" na "makalio ya mama". Darasani nayatamka kutwa. Nilimwachia yule mama kidonda kwa ajili ya adabu, kisha nikaiita heshima.

Bajaji ikatufikisha hospitali. Wodini nilikuta wanafunzi wangu wawili wa mazoezi, wakasimama wima, "Shikamoo mwalimu." Sikuweza kuwatazama. Daktari akamtundikia dripu, akapima mkojo, akakuta na maambukizi, akaanza dawa. Aliniuliza mama amekunywa maji kiasi gani tangu juzi. Wale wanafunzi walikuwa wameshika kalamu wananisubiri mimi niseme. Nikasema sijui. Mmoja wao akainamisha kichwa, nadhani kwa kunionea haya.

Akili ilimrudia polepole. Tuliporudi nyumbani kesho yake, mke wangu alikuwa bado njiani, gari la mizigo limeharibika karibu na Dumila, na kwa jirani kufuli lile lile. Nilimlaza mama kwa ubavu, nikaweka mto katikati ya magoti, nikafungua dirisha. Alikuwa amerudi kuwa yeye, macho ukutani.

"Baba."

"Naam, mama."

"Hili gauni nilivalishwa na nani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mahali pangu. Ningeweza kusema. Nilifungua mdomo niseme, ukatoka uongo. "Yule mama jirani. Alipitia."

Dirisha lake linatazamana na mlango wa jirani, na lile kufuli kubwa linaonekana ukiwa pale kitandani. Nilimwona analitazama.

"Mshukuru sana," akasema. "Mwambie ana mkono mwepesi. Na mwambie asione aibu, mimi ni mzee tu."

Nikaitikia, "Nitamwambia, mama."

Nilitaka kukimbilia jikoni. Lakini alinyoosha mkono kwenye kigoda, akachukua kikombe cha maji. Akakishika kwa mikono miwili, akanywa. Hakunywa kwa kuonja, alikunywa mpaka mwisho, akapumzika, akaninyooshea kikombe nikimiminie tena. Nikamimina, maji mengine yakamwagika sakafuni. Akanywa na hicho. Mama mkwe wangu alikunywa maji mbele yangu, na mimi nimesimama pale kama mtu anayesomewa hukumu. Kila funda nililijua linakwenda wapi.

Tukakaa. Yeye akashika rozari yake, mimi nikashika kikombe kitupu. Baada ya muda akaiweka rozari chini ya mto.

"Baba."

"Naam, mama."

"Nimebanwa." Macho yake hayakutoka ukutani. "Kamwite yule mama."

Nikatoka, nikafunga mlango. Nilisimama koridoni. Kisha nikanawa mikono kwa sabuni, nikaikausha, nikarudi mlangoni nikabisha.

"Hodi."

"Karibu, mama," akaitikia mama mkwe wangu, na nilipoingia alikuwa ameshajifunua shuka, ameninyooshea mikono yote miwili ili nimwinue.