Kihispania cha Mpiga Deki

Kila asubuhi, kabla hajatoka kwenda kazini, mama yangu mdogo huandika mkononi kwa kalamu maneno matatu ya Kihispania. Kufikia saa sita dawa ya sakafu imeyafuta, na yeye ameshayameza. *Me levanto*, naamka. *Me visto*, navaa. *Me acuesto*, najilaza. Huyatamka huku akivaa, na mumewe humtania: "Mspania wangu, chai iko wapi?"

Anafanya usafi katika wodi ya upasuaji. Daktari bingwa aliyeletwa kutoka ng'ambo hajui Kiswahili, na mkalimani anayelipwa kumfasiria hushinda kantini. Mwaka jana daktari alimwambia bibi mmoja, "*No se levante*," yaani usiinuke. Bibi akaitikia kwa heshima, kisha akainuka. Mshono ukafumuka. Aliyepiga deki damu ile ni mama mdogo. Nesi mkuu akasema wagonjwa hawasikii.

"Hawasikii!" Mama mdogo hulitema neno hilo hadi leo. "Wasikie nini? Nani aliwaambia?"

Ndipo akaanza kujifunza kwenye simu, kwa hasira tupu.

Jumanne iliyopita yakasemwa maneno yaleyale, kitanda cha sita. Mzee akaitikia, daktari akageuka, mzee akashusha miguu. Mama mdogo akatupa deki.

"Baba, lala! Kasema usiinuke!" Akamgeukia daktari, akionyesha kitanda: "*¿Se acuesta?*" Yaani, ajilaze?

"*¡Sí, sí!*" Daktari alikuwa amekodoa macho. Mzee akalala.

Nesi mkuu akaja mbio. "Wewe mama, nani kakuajiri kutafsiri?"

"Hakuna. Uliyemwajiri kamtafute kwenye chai."

"Kazi yako ni sakafu!"

"Na damu ikimwagika sakafuni, si itakuwa yangu?"

Wodi nzima ikacheka, hata waliokatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi.

Kesho yake akapewa barua ya onyo. Amevuruga kazi, asiseme tena na mgonjwa yeyote, asaini kwamba amekubali kosa, la sivyo Jumatatu asije. Mkalimani hakupewa hata karipio. Wanamlipa asiyekuwepo, wanamwonya aliyekuwepo.

Niliisoma barua hiyo mara tatu mezani kwake. Yeye alikuwa anapiga pasi sare ya Jumatatu.

"Mama mdogo, utaisaini?"

"Siisaini."