Wali wa Siku ya Usawa

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya kutwa kule Rujewa, siku mkuu wa shule alipotangaza mstarini kwamba tutaadhimisha Siku ya Usawa wa Kijinsia. Mgeni rasmi angetoka Mbeya mjini. "Nataka akifika aone," alisema, "kwamba katika shule hii mtoto wa kike ni malkia." Wavulana wakapiga makofi. Kisha akaagiza malkia wote wabaki baada ya mstari, wagawiwe kazi za jikoni.

Mimi na rafiki yangu, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu, tulikuwa tukifanya mazoezi ya igizo. Lilimhusu msichana anayezuiwa kusoma ili abaki nyumbani apike. Yeye alikuwa msichana huyo, mimi mama yake. Tukamfuata mkuu wa shule.

"Shikamoo, mwalimu. Sisi tumo kwenye igizo."

"Marahaba. Igizo litakuwepo, msiwe na wasiwasi. Lakini wali haujipiki, wanangu. Wakipika wavulana, mgeni atakula nini?"

Basi nafasi zetu wakapewa wavulana; ya rafiki yangu akapewa mmoja wa kidato cha nne, mrefu, mwenye sauti nzito na ndevu zilizoanza kuchomoza. Akaazima na sketi ya rafiki yangu. Zikaja na fulana nyeupe zenye maandishi kifuani: BINTI ANAWEZA. Wakavalishwa wavulana, maana sisi, alivyotueleza mwalimu wa malezi, tungezichafua kwa masizi.

Siku yenyewe tulikuwa nyuma ya madarasa tangu asubuhi, tukikohoa kwa moshi. Kipaza sauti kilitufikishia hotuba yote. Kila mgeni rasmi aliposema mtoto wa kike asiachwe nyuma, tulitazamana. Nyuma kuliko pale palikuwa na choo tu.

Igizo lilipoanza, rafiki yangu aliacha kukoroga. Ile sauti nzito ikanguruma, "Baba, nataka kusoma!" na ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Yeye hakucheka. Alikuwa akiyatamka maneno yake taratibu, sambamba na yule mvulana, mwiko mkononi.

"Hapo angenyamaza kwanza," aliniambia. "Anaharakisha."

Tulipopeleka chakula, tulimkuta mgeni rasmi, mama wa makamo, bado anajifuta machozi ya kicheko. Nikamnawisha mikono.

"Binti, igizo umelionaje?"

Mkuu wa shule akanitolea macho.

"Sijaliona, mama. Nilikuwa napika."

"Na wenzako?"

"Nao walikuwa wanapika."

Akageuka kuutazama ukumbi, safu kwa safu za BINTI ANAWEZA juu ya vifua vya wavulana. "Mkuu," akasema, "huu usawa wenu mmeufunika sufuriani?"

"Mheshimiwa, hawa hujitolea wenyewe. Wanapenda sana."

Mgeni akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akala, akausifu wali, akaongezewa, na akaondoka na gunia la mchele nyuma ya gari.

Yule aliyeigiza msichana alikuja jikoni kuomba ukoko kabla hata hajabadili nguo. Rafiki yangu akamwambia ukoko ni wa anayeosha sufuria. Njaa haina jinsia; akainama, akaanza kukwangua. Mkuu wa shule, akitoka kumsindikiza mgeni, akapita nyuma yake na kuona sketi tu.

"Safi sana, binti," akasema. "Mke bora huonekana mapema."

Mvulana akageuka na ndevu zake. "Asante, mwalimu."

Tulicheka hadi tukakaa chini. Mkuu wa shule alikwenda zake, na nilirudi nyumbani nikiwa na hakika ya viboko.

Viboko havikuja. Jumatatu mstarini alitangaza kwamba kuanzia wiki hiyo wavulana nao watapika chakula cha mchana, wazo ambalo, alisema, lilimjia yeye mwenyewe akiwa anatafakari. Baba mmoja akaja juu ofisini: "Mwanangu nimemleta asome, si apike!" Nilipomsimulia mama yangu, aliacha kupepeta mchele. "Kumbe hayo maneno yapo," akasema. "Mbona sijawahi kumsikia baba yeyote akiyasema kwa ajili ya binti?"

Rafiki yangu hakupata tena nafasi ya kuigiza. Siku ya Usawa haikurudiwa, labda kwa kuhofia wali. Lakini mchana wa kwanza wa zamu ya wavulana, tulikaa darasani, madirisha wazi, tukisoma biolojia kimya kimya huku harufu ya maharage yanayoungua ikiingia. Yalikuwa na mawe na chumvi ya kuua. Nilimaliza sahani, nikaenda kuongeza.